Farasi wa Dola 2.50: Historia ya Nyongeza za Gemu za RPG na Hela Zilizoteketea

Kuna farasi mmoja wa kwenye gemu ambaye amezua ugomvi mrefu kuliko bifu nyingi za mastaa. Hazungumzi, hana jina, na kazi yake ni kumbeba mchezaji kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Lakini tarehe 3 Aprili 2006, kampuni ya Bethesda ya Marekani ilipoamua kumuuzia mchezaji nguo za huyo farasi, biashara nzima ya gemu za RPG ikageuka.

Gemu yenyewe ni The Elder Scrolls IV: Oblivion. Ilikuwa na wiki mbili tu tangu itoke na watu walikuwa wamepagawa nayo. Misitu, mapango, miji. Ukitaka kuwa mwizi poa, ukitaka kuwa mchawi poa. Ghafla likatangazwa vazi la chuma la farasi, lililoitwa Horse Armor. Mwenye Xbox 360 alilipa pointi 200 za Microsoft, sawa na dola 2.50, akapakua, akaenda kwenye zizi lililo nje ya mji mkuu, akachagua: chuma cha kawaida au kile cha mtindo wa Elfi. Imeisha hiyo. Hakuna adui mpya, hakuna kipande kipya cha ramani. Farasi anang'aa, hadithi ni ileile.

Watu walicheka, kisha wakakasirika, kisha (na hapa ndipo penye utamu) wengi wakalinunua. Watu wa studio wenyewe walikuja kukiri miaka baadaye kwamba vazi lile liliuzika. Tarehe 1 Aprili 2009, Siku ya Wajinga, Bethesda walishusha bei ya nyongeza za Oblivion kwa nusu, isipokuwa moja. Vazi la farasi wakalipandisha bei mara mbili. Walikuwa wanajitania, sawa, lakini utani wenyewe ulikuwa na kitufe cha kununua.

Sasa, dola 2.50 ni hela ndogo hata kwa mwaka ule. Kwa nini watu waliumia hivyo? Kuna mtu atasema wachezaji wa gemu wanapenda kulalamika, na hajakosea sana. Lakini hasira ile ilikuwa na historia nyuma yake, na ukiijua unaanza kuelewa kwa nini nyongeza moja ya dola 10 inasifiwa mpaka leo na nyingine ya dola 10 hiyohiyo bado inatukanwa.

Enzi za boksi

Nyongeza za gemu za RPG ni za zamani kuliko intaneti ya majumbani. Mwaka 1981 ilitoka Wizardry kwenye kompyuta za Apple II, na mwaka uliofuata ikaja Knight of Diamonds. Hiyo ya pili ilikuwa na shimo jipya la kupigania, lakini hukuweza kuingia bila wahusika uliowalea kwenye gemu ya kwanza. Aliyekuwa hajacheza ya kwanza alibaki nje. Kwa hiyo ile tabia ya kumuuzia mtu ambaye tayari amenasa ipo tangu zama za diski laini.

Miaka ya mwisho ya 1990 ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Baldur's Gate ilitoka mwishoni mwa 1998, na 1999 ikafuatwa na Tales of the Sword Coast, iliyoleta mnara wa Durlag, sehemu ambayo wakongwe bado wanaisimulia kama watu wanavyosimulia mitihani migumu. Diablo II ilitoka 2000, na 2001 ikaja Lord of Destruction. Hiyo haikuwa mchezo: wahusika wawili wapya wa kuchezea, sura nzima ya tano ya hadithi, na mabadiliko mengi kiasi kwamba baada ya muda karibu hakuna aliyetaka kurudi kucheza Diablo II tupu. Bethesda nao hawakuwa nyuma. Morrowind ilitoka 2002, na kabla ya mwaka na nusu kuisha ilikuwa na nyongeza mbili, Tribunal na Bloodmoon, moja ikikupeleka kwenye jiji jipya na nyingine kwenye kisiwa cha theluji na mbwa mwitu.

Nyongeza hizi zilikuwa nene kwa sababu moja rahisi ambayo haihusiani na roho nzuri ya mtu yeyote. Boksi lina gharama. Lazima CD itengenezwe, kitabu kichapwe, mzigo usafirishwe, na mwenye duka akubali kuutolea nafasi kwenye rafu. Hakuna mwenye duka ambaye angeweka rafuni boksi lenye nguo za farasi tu. Rafu ndiyo iliyokuwa inachuja. Kama studio ilikuwa na wazo dogo, ama ililitupa, ama ililitoa bure, kwa sababu hakukuwa na namna ya kuliuza.

Na hiyo ya kutoa bure ndiyo iliyowachoma watu mwaka 2006. Morrowind ilipotoka, Bethesda walikuwa wanaweka vitu vidogovidogo kwenye tovuti yao ambavyo mchezaji wa kompyuta alichukua bila kulipa chochote: mishale mipya, sauti za mazingira, ngome ya kuvamia, na ndiyo, mavazi ya chuma. Kampuni ileile, miaka minne tu nyuma, ilikuwa inagawa mavazi bure. Tena Oblivion yenyewe ilipotoka, wachezaji wa kompyuta walipewa bure programu ya kutengenezea vitu vyao ndani ya gemu, na mtu mwenye muda na kipaji angeweza kumshonea farasi wake nguo mwenyewe kisha akawagawia wenzake. Halafu unamwambia mtu huyohuyo alipie.

Haki itendeke: Bethesda hawakuwa wa kwanza kuuza nyongeza ya RPG kwa kupakua. Studio ya BioWare ya Kanada ilikuwa imeanza 2004 kuuza hadithi fupi za Neverwinter Nights kupitia intaneti. Hizo hazikuzua kelele, maana ulichonunua kilikuwa hadithi ya kucheza. Kelele zilikuja pale rafu ilipoondoka na kitu cha kwanza kupita mlangoni kikawa pambo.

Zile pointi nazo zilikuwa na ujanja wake. Pointi 80 zilikuwa sawa na dola 1, kwa hiyo bei haikuwa inasomeka kirahisi, na pointi ziliuzwa kwa mafungu. Ulinunua fungu, ukatumia 200, zilizobaki zikakaa kwenye akaunti zikikuangalia. Microsoft waliuacha mfumo huo 2013.

Bethesda wajirekebisha, halafu wauza mwisho wa hadithi

Baada ya farasi, Bethesda walijifunza haraka. Waliendelea na vitu vidogo, lakini Novemba 2006 wakaleta Knights of the Nine, na Machi 2007 ikaja Shivering Isles. Hii ya pili iliuzwa dola 30, mara kumi na mbili ya bei ya vazi la farasi, na karibu hakuna aliyelalamika. Unapita mlango wa ajabu katikati ya maji, unaingia kwenye nchi ya mungu wa wazimu, nusu ya nchi ina rangi za kupendeza na nusu imeoza. Ina watu wake, sheria zake, vichekesho vyake. Wapo wanaosema ni nzuri kuliko Oblivion yenyewe, na ni ngumu kuwabishia.

Hapo mtu angedhani somo limeeleweka. Ikaja Fallout 3, Oktoba 2008.

Gemu hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: inaisha. Yaani inaisha kabisa. Mwisho wake unamtaka mhusika wako aingie kwenye chumba chenye mionzi na kufa, na ukishamaliza huwezi kuendelea kuzunguka. Kibaya zaidi, unaweza kuwa umeongozana na rafiki ambaye mionzi haimuathiri kabisa, aliyeshawahi kuingia sehemu kama hiyo kwa ajili yako, na bado anakataa kuingia eti ni hatima yako. Wachezaji walitukana sana. Mei 2009 ikaja nyongeza iitwayo Broken Steel, dola 10. Ukiinunua, hufi, gemu inaendelea, yule rafiki anakubali kuingia, na kikomo cha levo kinapanda kutoka 20 hadi 30.

Ni nyongeza nzuri, misheni zake zina nguvu. Lakini angalia kilichotokea: mwisho ulioboronga ulikuwa ndani ya gemu ya dola 60, na dawa yake ikauzwa peke yake. Hili ni zito kuliko farasi. Farasi alikuwa pambo, ukimkosa hukosi kitu.

Fallout 3 ilikuwa na nyongeza tano kwa jumla, kila moja dola 10, zote ndani ya miezi nane ya mwaka 2009. Aliyeipenda toka siku ya kwanza akanunua kila kitu kilipotoka alitumia dola 110. Oktoba 2009, mwaka mmoja baada ya gemu kutoka, likaletwa toleo lenye kila kitu ndani kwa dola 60. Mtu aliyekaa pembeni akisema "nitacheza baadaye" alipata mzigo wote kwa bei ambayo shabiki wa kweli alilipia gemu tupu. Utaratibu huu umejirudia kwa RPG nyingi tangu hapo, na kila mara anayependa mapema ndiye anayelipa zaidi.

Mtu wa kambini

Kama farasi ni ishara ya kichekesho, kuna mwingine ambaye ni ishara ya kero. Novemba 2009 BioWare walitoa Dragon Age: Origins. Katikati ya safari unapiga kambi, unaongea na wenzako, unatibu majeraha. Siku moja unamkuta mgeni kambini. Ana alama ya misheni kichwani. Unamsikiliza, anakueleza habari za ngome ya babu zake, mizimu, heshima ya ukoo, unaguswa, unasema twende. Hapo mazungumzo yanakukumbusha kwamba ngome hiyo hujailipia. Ni dola 7.

Muuzaji alikuwa amekaa ndani ya hadithi, amevaa nguo za hadithi, anaongea lugha ya hadithi. Wachezaji wengi walisema walijisikia kama wamefuatwa na machinga hadi chumbani. Na ndani ya hiyo nyongeza kulikuwa na sanduku la kuhifadhia vitu, kitu ambacho gemu yenyewe haikuwa nacho, huku ukiokota mapanga na mavazi hadi begi linajaa. Misheni ya ngome ilikuwa ya saa chache. Sanduku ndilo lililonunuliwa, hata kama hakuna aliyesema hivyo kwa sauti.

Kwa nini kampuni zilifika huko? Jibu moja lipo madukani: CD za mkono wa pili. Gemu ya CD ilikuwa inauzwa, inachezwa, inauzwa tena, na kampuni haipati hata senti kwenye mauzo ya pili. Kwa hiyo kuanzia kipindi hicho boksi jipya likaanza kuwekewa namba ya kufungulia nyongeza, inayotumika mara moja tu. Dragon Age: Origins iliuzwa na namba ya kumpata mhusika mzima, jitu la mawe linaloongea. Mass Effect 2, Januari 2010, ilikuwa na mpango kama huo; aliyenunua CD iliyotumika alitakiwa kulipa dola 15 ili afunguliwe kilichomo. Mnunuzi wa CD ya mkono wa pili, awe Ohio au Kariakoo, alikuta namba imeshatumika na mtu wa kwanza.

Machi 2012 ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mass Effect 3 ilitoka, mwisho wa hadithi ya sehemu tatu ambayo watu walikuwa wameibeba tangu 2007. Hadithi yote inazunguka swali moja: nini kiliwapata Waprothea, watu waliotawala galaksi na kufutika miaka 50,000 iliyopita? Siku hiyohiyo ya kwanza ikaletwa nyongeza ya dola 10, From Ashes. Ndani yake kuna mtu aliyelala muda wote huo na sasa ameamka: Mprothea wa mwisho.

Hebu fikiria. Shahidi mkuu wa kesi nzima, na anauzwa pembeni.

Wachezaji walichimba kwenye CD wakakuta sehemu ya data zake zimo humohumo, kwenye diski waliyokwisha kuilipia. BioWare walijieleza kwamba timu iliendelea na nyongeza baada ya gemu kupelekwa kukaguliwa, kipindi ambacho watengenezaji wengine hubaki bila kazi. Maelezo hayo si ya uongo kwa jinsi gemu zinavyotengenezwa. Kati ya kumaliza gemu na CD kufika dukani kuna wiki nyingi, na wafanyakazi wanaendelea kulipwa. Lakini mteja haoni ratiba ya ofisi. Mteja anaona kiti kitupu ndani ya chombo chake na bei ya anayetakiwa kukikalia.

Cha ajabu, studio hiyohiyo, kwa gemu hiyohiyo, ilikuja kutoa nyongeza ambayo watu wanaipenda hadi leo. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2013, ikaja Citadel, dola 15. Hakuna siri kubwa ya galaksi inayofichuliwa humo. Kuna adui mmoja wa kijinga, utani mwingi, na mwishoni kuna pati nyumbani kwako ambapo wenzako wote wanakuja, wanakunywa, wanachezesha viungo, wanagombana kuhusu chakula. Watu waliokuwa wamesusa walirudi kwa ajili ya pati. Kwa tathmini ya haki hii ndiyo nyongeza ya kuaga iliyofanikiwa kuliko zote za aina yake, na haikumnyima kitu yeyote ambaye hakuinunua.

Farasi avaa bure

Mei 2015, studio ya CD Projekt Red ya Poland ilitoa The Witcher 3. Waliahidi nyongeza 16 za bure kwa kila mnunuzi, awe wa bei kamili au wa punguzo. Zilikuwa vitu vidogo: mitindo ya nywele na ndevu, misheni fupi kadhaa, nguo mbadala za wahusika. Na moja ya kwanza kabisa ilikuwa seti ya mavazi ya Temeria, ambayo ndani yake kulikuwa na vazi la farasi. Bure. Kila aliyekuwepo 2006 alielewa hicho kijembe kilikuwa kinaelekea wapi, hata kama kampuni haikusema.

Halafu wakauza viwili tu. Oktoba 2015 ikaja Hearts of Stone kwa dola 10, na Mei 2016 Blood and Wine kwa dola 20. Hearts of Stone ina hadithi ya mtu aliyeuza moyo wake kwa mfanyabiashara mmoja mpole, mwenye kioo, ambaye ukianza kumwelewa unatamani usingemwelewa. Ni kama saa kumi za kucheza. Dola 10 zilezile za Mprothea. Blood and Wine ikaongeza nchi nzima, Toussaint, yenye mashamba ya zabibu na mashujaa wa kujigamba, na ikampa mwindaji mzee wa majini nyumba yake mwenyewe ya kustaafu. Desemba 2016, kwenye The Game Awards, nyongeza hiyo ilichukua tuzo ya RPG bora, ikizishinda gemu kamili.

Baada ya hapo kampuni hiyo ikawa kipenzi cha kila mtu, na pengine ndiyo maana 2020 iliwauma watu zaidi. Desemba mwaka huo ilitoka Cyberpunk 2077 ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony waliitoa kwenye duka lao la PlayStation, ikarudi Juni 2021. Nyongeza yake, Phantom Liberty, ilikuja Septemba 2023 kwa dola 30, ikiwa na mwigizaji wa Uingereza ambaye akina dada wa Afrika Mashariki hawahitaji kutajiwa jina. Ni kazi nzuri ya kijasusi, na kabla yake kidogo ilitoka apdeti kubwa ya bure iliyojenga upya nusu ya gemu. Ila kuna watu walioachwa. Phantom Liberty haikutoka kwa PS4 wala Xbox One. Mtu aliyelipia gemu 2020 kwenye mashine ya zamani, akavumilia ile aibu yote, akasubiri miaka mitatu, aliambiwa kimyakimya anunue mashine nyingine kwanza.

Bosi mlangoni

Juni 2024, Shadow of the Erdtree ya Elden Ring. Dola 40, bei ambayo zamani ungenunua gemu nzima. Ndani ya siku tatu ziliuzwa nakala milioni 5. Ukubwa wake haubishaniwi: ramani mpya, silaha mpya, mabosi wa kukutoa machozi. Mwaka huohuo ikateuliwa kuwania gemu bora ya mwaka, na ubishi wa kama nyongeza inastahili kukaa meza moja na gemu kamili ukawaka mitandaoni. Haikushinda.

Jambo ambalo halikusemwa sana kwenye matangazo ya shangwe ni kwamba dola 40 hazikufungulii mlango. Ili uingie, lazima uwe umeshamuua Radahn na Mohg, na Mohg yuko mbali, amejificha, na ni katili. Wapo walionunua siku ya kwanza wakiwa wamesahau hata vitufe, wakatumia wiki mbili wakipigwa na bosi wa gemu ya zamani huku nyongeza mpya imelala kwenye mashine. Na waliofanikiwa kuingia walikuta levo kubwa walizojijengea hazisaidii sana. Unatakiwa kuokota vipande vya mti ndani ya nchi mpya ili nguvu yako ipande.

Kwa mchezaji wa Dar au Nairobi hesabu hii ina uzito mwingine. Dola 40 wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi 100,000 za Tanzania, au zaidi ya shilingi 5,000 za Kenya, na hapo hujagusa bando la kupakulia mzigo wenyewe. Mtu wa aina hiyo hawezi kununua kwa mihemko kisha akasema bahati mbaya. Kwake ushauri wa historia ni mchungu lakini uko wazi: subiri. Ukiipenda RPG, cheza uimalize kwanza. Kama baada ya kumaliza bado unaiota, ndipo uangalie nyongeza ilitoka lini. Iliyotoka siku moja na gemu, ishuku. Iliyotoka mwaka au zaidi baadaye, ikiwa na ardhi yake na hadithi yake, mara nyingi inalipa, na mara nyingi inakuja na punguzo au ndani ya toleo kamili kwa aliyevumilia.

Mara nyingi, maana hata hiyo si kinga. Septemba 2024 Bethesda walitoa Shattered Space, nyongeza ya Starfield, mwaka mmoja baada ya gemu, dola 30, yenye sayari yake na dini yake. Kwa karatasi ilikuwa na kila kitu. Wachezaji wa Steam wakaizika kwa maoni mabaya: fupi, tupu, haina jipya. Bei ni ileile ya Shivering Isles ya 2007, na hapo ndipo ulinganisho ulipouma.

Na kuna waliokataa kabisa mchezo huu. Larian wa Ubelgiji walitoa Baldur's Gate 3 Agosti 2023, gemu iliyobeba tuzo karibu zote. Kila mtu alisubiri nyongeza, na ingeuzika hata kwa dola 50. Machi 2024, mkuu wa studio akapanda jukwaani San Francisco akasema hakuna nyongeza, hakuna sehemu ya nne kutoka kwao, wanaenda kufanya vitu vyao vipya. Badala yake wakaendelea kutoa apdeti za bure, na ile ya Aprili 2025 ikaleta aina 12 mpya za mapigano kwa wahusika. Kwenye kampuni nyingine hizo zingekuwa pakiti tatu za kulipia.

Aprili hiyohiyo, tarehe 22, Bethesda walitoa Oblivion upya, imepakwa rangi za kisasa. Toleo la kawaida la dola 50 lilikuwa na kila kitu cha zamani ndani: Shivering Isles, Knights of the Nine, na vile vidogovidogo vyote, hadi lile vazi la 2006. Unaenda kwenye zizi lilelile, unachagua chuma cha kawaida au cha Elfi, hulipi hata senti.

Aliyetaka toleo la kifahari aliongeza dola 10. Kati ya vitu vilivyomo ni vazi jipya la farasi.